Mke wangu alikatizwa akiwa katikati ya Baba Yetu, tena jumuiyani

Wakuu, habari za huko mliko. Niko Mahongole, Makambako, baridi imekaza na hasira yangu nayo haijapoa. Nitakayoyaandika niliyaona kwa macho yangu, sijatia chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa. Mke wangu, mama Eliza, alilelewa Mkatoliki, kwao ni Njombe, jirani kabisa na misheni. Tulipooana akahamia kanisani kwetu kwa hiari yake.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Kwao alifundishwa sala zenye maneno yaliyokwisha pangwa, anazisema kwa kutulia, vizuri mno. Kwetu jumuiyani unanyooshewa kidole: "Mama fulani, tuombee." Hapo hapo ufumbe macho uanze kutiririka. Yeye maneno yanamkauka.

Kwa wasiojua, jumuiya yetu inazunguka nyumba kwa nyumba kila Jumatano jioni. Na tuna desturi moja. Mtu akirefusha sala mpaka watu wanasinzia, mmoja anaanzisha pambio taratibu, wengine wanaitikia, mwombaji anaelewa na kusema amina. Ni njia ya kistaarabu ya kumwambia mtu atosheke, na baadaye kwenye chai wote mnacheka, yeye mwenyewe akiwemo.

Sasa sikilizeni.

Jumatano hiyo tulikuwa kwa mama mmoja aliyevunjika mguu. Mwenyekiti wa jumuiya akamnyooshea kidole mke wangu amwombee. Mama Eliza akafanya ishara ya msalaba kwa mazoea, akasema, "Ee Mungu, tunamleta mama huyu kwako..." Akakwama.

Kisha akaanza Baba Yetu, kwa sauti ndogo.

Hakufika kwenye mkate. Mwenyekiti alianzisha pambio. Na siyo taratibu, ni kwa sauti ya juu na makofi!

Nikafumbua macho nikasema, "Mwenyekiti, hajamaliza."

Akaimba mpaka mwisho kama hakunisikia. Kisha akaomba yeye, sala ndefu ambayo hakuna aliyethubutu kuikatiza. Baada ya amina akamgeukia mke wangu: "Dada yetu, hapa hatukariri, hapa tunaomba. Mambo ya Roma uyaache huko huko Roma."

Mama mmoja akadakia, "Mvumilieni jamani, bado anatafuta network!"

Wakacheka. Watu wazima, Biblia mapajani, wanacheka.

Hivi wakuu, seriously? Baba Yetu? Sala ambayo sisi wenyewe tunaisema kila Jumapili, kwa kichwa, wote kwa pamoja, na Mwenyekiti akiwa benchi la mbele? Ikisemwa na mia ni ibada, ikisemwa na mama mmoja aliyekwama ni kukariri?

Nyumbani hakulia. Heri angelia. Kesho yake mezani Eliza akasema, "Mama, omba tule." Akajibu, "Mwambie baba yako." Wakati tangu watoto wazaliwe yeye ndiye aliyekuwa anaomba nao, asubuhi na jioni. Akaacha kabisa. Jumapili iliyofuata akabaki nyumbani anafua.

Nilipomuuliza alisema, "Kule kwetu nilishaaga. Huku sijui kuongea. Bora ninyamaze."

Hilo ndilo lililoniuma. Mtu amenyang'anywa Mungu wake kwa makofi.

Na zamu ya jumuiya kuja kwetu ilikuwa imekaribia. Utaratibu ni kwamba mama mwenye nyumba ndiye anayefungua kwa sala. Nilitaka kukataa wasije, lakini kwanza nikaenda kwa Mwinjilisti wa mtaa wetu, dada mmoja mtaratibu sana, nikamweleza yote kwa mpangilio. Hakunipa hotuba. Alikuja mwenyewe mchana, akamkuta mke wangu uani anamenya viazi, mimi nikiwa sebuleni nawasikia.

"Kamwene, mama Eliza," akamsalimu kwa Kibena. Akavuta kigoda, akachukua kisu, naye akaanza kumenya.

"Mwinjilisti, sala za kutunga mimi siwezi. Usijisumbue."

"Nani kakwambia utunge? Baba Yetu unaijua?"

"Si ndiyo iliyonitia aibu!"

"Hebu twende nayo. Inaanza na nini?"

"Na Baba."

"Haianzi na mguu wa mtu, umeona? Mwite kwanza, mwambie yeye ni nani kwako. Halafu?"

"Jina lake. Ufalme wake. Mapenzi yake."

"Mambo yake kabla ya yako. Halafu?"

"Mkate."

"Hapo sasa weka mguu, weka mahindi, weka ada ya shule. Halafu?"

Mke wangu akachukua kiazi kingine. "Msamaha," akasema. "Na kulindwa."

"Umemaliza. Kila kituo weka sentensi yako moja. Ukikwama, sema maneno yenyewe yalivyo, nenda kituo kinachofuata."

"Yaani ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, mama. Sasa niambie, viazi vyote hivi mnalisha kijiji?"

Nilimsikia mke wangu akicheka, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatano.

Siku ya zamu yetu ikafika, sebule ikajaa. Mwenyekiti akatabasamu: "Haya, leo tumsikie mwenyeji."

Mama Eliza akasimama. Akafanya ishara ya msalaba, safari hii polepole, waione. Akamwita Mungu Baba aliyemtunza tangu utoto. Akaomba mapenzi yake yafanyike mtaani kwetu. Akaomba mvua, afya, na ada za watoto wetu wote. Kisha akasema:

"Utusamehe makosa yetu, kama sisi nasi..."

Akaishia hapo. Nikajua amekwama, nikakunja ngumi.

"Baba, hapo bado," akasema. "Kuna mtu humu ndani nimeshindwa kumsamehe. Nisaidie. Na utulinde na yule mwovu. Amina."

Mwenyekiti hakuomba radhi, mpaka leo. Alikunywa chai yetu, akasema, "Sala nzuri, fupi," akaaga. Mke wangu anaomba na watoto tena, na kanisani anakwenda. Yeye anaendelea kuombea kile kituo alichokwamia. Mimi, niseme ukweli, hata kukiombea sijaanza.

Nilichojifunza: kama sala inakupa shida, chukua Baba Yetu na upite humo kituo kwa kituo kwa maneno yako. Huhitaji semina wala sauti ya kunguruma.

Na ninyi mnaoongoza jumuiya, mmo humu, nawajua. Tiririkeni hapa chini mtuambie: mtu akiwa anaongea na Baba yake, ninyi mnaingilia kama nani?