Kabla Binti Yangu Hajainua Mkono

Mimi ambaye safari yangu ya mbali kabisa ilikuwa soko la Ariwara, nilifika mahali nikayajua majimbo ya Kanada kuliko vijana wetu wanavyozijua wilaya za Ituri. Manitoba, Saskatchewan, Alberta: niliyataja nikinyoa ndevu, nikipalilia maharage nyuma ya nyumba, nikipanda kwenda kanisani. Binti yangu alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa uraia, naye alinitumia kitabu chao kwenye simu ili niwe ninamwuliza maswali. Kiliandikwa kwa Kifaransa, na Kifaransa nilichofundishwa shule ya misheni bado kinanifaa, kwa wema wa Mungu.

Jumamosi mchana, kwake bado asubuhi, ndiyo ilikuwa saa yetu.

“Mukubwa wa inchi ni nani?” nilimwuliza.

“Mufalme.”

“Na mwenye kuongoza serikali?”

“Waziri wa kwanza. Baba, hayo ni ya watoto. Uliza magumu.”

“Bahari zinazogusa Kanada?”

Alitaja mbili tu, nami nikafurahi kama mtoto aliyeshinda mchezo. “Umesahau ile ya kaskazini! Utaanguka mutihani!”

Mama yake alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, pale mlangoni. Siku moja alishindwa kuvumilia. “Muzee, kama unahamia kule uniambie mapema, nitafute mwanaume mwingine wa kutengeneza hii paa.”

Binti alicheka mpaka simu ikakata.

Sitaeleza yote waliyopitia. Vurugu iliporudi katika milima ya Djugu, yeye na mumewe walikuwa wanafundisha shule karibu na Kpandroma. Walikimbia na watoto wao wawili, wakavuka Ziwa Albert, wakaingia Uganda. Maisha ya kambi yalikuwa ya kuhojiwa: unaeleza ulikotoka na kwa nini, kisha baada ya miezi unaeleza tena mbele ya mtu mwingine, na maelezo yako lazima yafanane na yale ya kwanza. Watu wengi walichoka njiani. Wao Mungu aliwapa subira, na Kanada ikawakubali. Siku waliposhuka kwenye ndege walipewa haki ya kukaa, ile inayoitwa makazi ya kudumu. Kwa haki hiyo walifanya kazi, wakasomesha watoto, wakatibiwa. Kupiga kura hapana, na pasipoti hapana. Walipotimiza miaka mitatu ndani ya nchi, wakalipa kodi, wakaonyesha kwamba lugha wanaijua, ndipo walipoweza kuomba uraia.

Pasipoti hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi mimi. Mkimbizi hupewa kitabu cha safari kinachoweza kumpeleka nchi nyingi, lakini si ile aliyoikimbia. Binti yangu angeweza kuona Roma, asiione Bunia, mji wetu. Njia ya kuja kutusalimia ilikuwa moja tu: awe raia wa kule, apate pasipoti ya kule, kisha aombe viza ya kuingia kwao. Tena sheria yetu inasema uraia wa Kongo haukai pamoja na mwingine. Ukichukua wa pengine, huu unauacha. Kwa hiyo ili mwanangu arudi nyumbani kutuona, ilimpasa kwanza awe mgeni. Jambo hilo liliniuma, sifichi. Lakini miguu ya mama yake imeanza kuvimba na mimi naona kwa jicho moja, na tulikubaliana kwamba mgeni anayekuja ni bora kuliko raia asiyekuja.

Alishinda mtihani. Mama yake alipiga vigelegele hadi majirani wakaja wakidhani kuna mchumba amejitokeza kwa mmoja wa wajukuu zetu wa hapa. Tulipika chai, tukaimba, nikaomba sala ndefu kupita kawaida yangu, na kawaida yangu yenyewe inajulikana. Ilibaki sherehe ya kiapo tu, Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Jumatatu alipiga simu ya picha saa ambayo si yetu. Alikuwa ameketi ndani ya gari, nje ya mahali anapofanya kazi, na macho yake yalikuwa mekundu.

“Baba, wananiambia nitaapa.”

“Kuapa nini?”

“Kwamba nitakuwa mwaminifu kwa mufalme wao. Nitainua mukono na kuapa. Na ni weye ulitufundisha. Unakumbuka?”

Nilikumbuka. Kwa miaka mingi nilifundisha darasa la ubatizo, na binti yangu alikaa benchi la mbele. Katika kanisa letu, mtu akisema “haki ya Mungu” hata katika ugomvi wa bombani, hutiwa chini ya nidhamu, haji mezani pa Bwana mpaka atubu. Wageni huona ni ukali. Lakini sisi tumeishi miaka ambayo vijana wetu waliapishwa kwa siri, wakafungwa na maneno ambayo hawakuweza kuyafungua, wakaenda kuua wakisema wamekwisha kuapa. Ndiyo maana nilifundisha kwa nguvu: ndiyo yako iwe ndiyo, hapana yako iwe hapana, na jina la Mungu liache mahali pake. Sikulijutia fundisho hilo hata siku ile.

“Bwana yako anasema nini?”

“Anasema ni maneno tu, Mungu anajua moyo. Miye siwezi. Yeye na watoto waende. Miye nitabaki na kadi yangu ya kukaa, haiko mbaya.”

Alisema polepole, kama mtu aliyekwisha kulia na kumaliza. Nami nilijua maana yake. Angebaki na kadi yake, na sisi tungebaki na simu.

Ningeweza kumwambia, “Apa, mwanangu,” na angeapa, kwa sababu hajawahi kukaidi neno langu. Lakini niliogopa kwamba jibu hilo lingetoka kwenye hamu yangu ya kumwona, halafu nilivalishe nguo ya imani. Nikamwambia anipe siku moja.

Nilikwenda kwa mzee mwenzangu, ambaye tumetumika naye katika baraza la kanisa tangu nywele zetu zilipokuwa nyeusi. Ana duka dogo la chumvi, sabuni na mafuta, na anapenda mabishano kuliko wateja. Nilimweleza. Aliweka chini mizani yake.

“Kwa mufalme? Basi leo nasimama, niko naongea na baba ya watu ya mufalme!”

“Ndugu, sikuja kwa mizaha.”

“Na miye sina mizaha. Siku ya kuoa, weye uliapa ao hukuapa? Nilikuwa pale, nilikula nyama.”

“Niliahidi. Sikuapa.”

“Aa! Unaona weye? Kuahidi iko sawa. Sasa mutoto aahidi.”

“Maandishi yao yanasema aape.”

“Basi Nabii Danieli alitumika kwa mufalme gani? Wa Bunia?”

Tulibishana hivyo mpaka wateja wawili wakaenda duka la jirani. Nami nakiri kwamba pamoja na uzito wa jambo nilianza kusisimka, kwa maana ni mara chache mtu wa umri wangu anapata swali ambalo hakulijibu tayari miaka thelathini iliyopita. Yeye alinipeleka Misri kwa Yusufu, aliyeapa kwa uhai wa Farao, mimi nikampeleka mlimani kwa Bwana mwenyewe, aliyesema tusiape kabisa. Mwishowe tulikwenda wote wawili nyumbani kwangu, tuendelee huku tunakula.

Mama wa nyumba alituletea ugali, akakaa, akasikiliza. Kisha akasema, “Ninyi wazee wawili tangu asubuhi munauliza Mungu kitu kile mungeuliza karani.”

“Karani gani?” akasema mwenzangu.

“Wa kule Kanada. Inchi ile ni kubwa, muzee anatuimbia majimbo kila siku. Mutoto yetu ni wa kwanza kukataa kuapa? Watu ya kule wote wanaapa? Aulize.”

Tulitazamana. Ningependa kusema kwamba tulikuwa tumefikiria hilo, lakini hapana. Na sababu yake kila mtu wa hapa ataielewa. Kwetu mtu haulizi ofisini. Ofisini unaulizwa. Unaingia kofia mkononi, unajibu, unashukuru, unatoka. Anayeuliza anaonekana ana jambo analoficha, na faili lake, ile dosie tunayoiogopa, huenda chini ya mafaili mengine. Binti yangu alikuwa amepita ofisi nyingi sana katika maisha yake, na katika zote hakuwahi kuuliza swali hata moja.

Nilimpigia mara moja.

“Baba, hapana! Wataona dosie yangu iko na shida.”

“Uliza.”

“Siku zimebaki mbili! Wakikasirika wataondoa hata jina ya bwana yangu na watoto.”

“Mwanangu, ulinijibu maswali yote ya kitabu chao. Kitabu kinasema mutu wa kule ana uhuru wa dini yake. Ni kweli ao uwongo?”

“Ni kweli. Iko mule.”

“Basi sasa ni weye mutahini. Uwaulize kama wanajua kitabu yao.”

Mzee mwenzangu alipiga makofi kana kwamba nimefunga bao. Binti akasema kwa sauti ndogo kwamba ataandika, tumwombee. Tuliomba hapo hapo, ugali ukapoa.

Siku iliyofuata simu ililia nikiwa kwenye kikao cha kanisa. Niliichukua mbele ya mchungaji, jambo ambalo ningemkaripia kijana yeyote. Binti yangu alikuwa anapiga kelele kiasi kwamba sikuhitaji kuiweka sikioni.

“Baba! Wanasema nichague! Mutu anaweza kuapa, ao anaweza kusema ‘nathibitisha’, bila kuapa, na ni sawasawa mbele ya sheria! Iko vile tangu zamani! Na hawakukasirika, Baba! Wameniandikia asante kwa swali yako!”

Baraza zima lilisikia. Mchungaji aliuliza ni nini, nikamweleza, naye akasema kikao kianze upya kwa wimbo wa shukrani. Niliimba vibaya, beti zote.

Alhamisi, kwao ilikuwa asubuhi, kwetu jua lilikuwa linashuka upande wa Marabo. Sherehe ilifanyika kwa njia ya kompyuta, kila familia ikiwa nyumbani kwake mbele ya hakimu aliyeonekana kwenye kioo. Binti yangu alisimamisha simu pembeni ili nasi tuone. Mama yake alikuwa amevaa kitenge cha Krismasi. Mzee mwenzangu alifunga duka. Wajukuu wetu wawili kule walivaa mashati meupe, na yule mdogo, aliyevuka ziwa akiwa mgongoni, sasa alikuwa anamsahihisha baba yake matamshi ya Kifaransa.

Kwanza waliagizwa kukata kadi zao za makazi kwa mkasi, kila mtu aonyeshe vipande. Mama yake aliruka.

“Asikate! Muzee, mwambie asikate! Wakibadilisha neno je? Atabaki na nini?”

“Mama, tulia,” binti alinong’ona upande wetu. “Ndiyo vile wanafanya.”

“Kwanza wakupe mupya, ndiyo ukate ya zamani! Hata kitenge mutu hatupi hivyo!”

Mkasi ulikata. Mama yake alishika kichwa. Nami moyoni nilikuwa upande wake, kwa kuwa katika nyumba yetu hatujawahi kuharibu karatasi yenye muhuri. Kwa dakika zile binti yangu hakuwa mkazi tena, wala hakuwa bado raia. Alikuwa hana chochote mkononi ila vipande vya kadi, na alikuwa anatabasamu.

Kisha hakimu akawaomba wainue mkono wa kulia. Alisema neno kwa neno, nao wakamfuata. Mumewe aliapa. Binti yangu alithibitisha. Nilisikia sauti yake wazi kabisa, ile ile iliyokuwa ikijibu maswali ya ubatizo kutoka benchi la mbele, ikiahidi kuwa mwaminifu, kushika sheria za nchi ile na kutimiza wajibu wake. Hakusita popote. Hakimu aliposema sasa wao ni raia, mzee mwenzangu alitoka nje akatangaza njia nzima, na watu ambao hawakujua ni habari gani walipiga makofi.

Nililia. Nilikuwa nimepoteza raia mmoja wa Kongo na kupata njia ya kumwona mwanangu, na sikuweza kutenganisha machozi ya hili na ya lile. Nilimshukuru Mungu kwa yote mawili.

Pasipoti ilipotoka, ilikuwa zamu yangu. Mgeni anayetaka viza ya kuja kwetu anahitaji mwenyeji atakayesema kwa maandishi kwamba atampokea na kumtunza. Nilivaa koti langu la Jumapili, nikaenda ofisi ya uhamiaji hapa mjini, nikakaa kwenye benchi, na zamu yangu ilipofika niliuliza. Niliuliza kila kitu: siku ngapi, muhuri gani, nani atie sahihi. Karani, kijana mpole, alinijibu yote bila kuchoka.

“Muzee, huyo mugeni ni mwanaume ao mwanamuke?”

“Mwanamuke.”

“Wa inchi gani?”

“Kanada.” Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

“Anakuja kufanya nini huku kwetu?”

“Kusalimia.”

“Na atalala wapi?”

“Kwa mama yake.”

Aliacha kuandika. Akanitazama, akatazama jina la mgeni, akatazama jina langu, akaanza kucheka, na watu wa benchi wakacheka pamoja naye. “Karibu yake, muzee,” akasema. “Ulete fotokopi ya kadi yako ya uchaguzi, njia ya kujua ni weye, na ingine ya mama.” Mashine ya fotokopi iliyo karibu ilikuwa imekosa umeme. Nilitembea mpaka ya pili.