Kipande cha Nne

Wanaosema nilikuwa nimelewa pombe ya ulezi, waache waseme. Studio yangu ya Sumbawanga niliianzisha kwa mikono hii, darasa la nne sikumaliza, na siku ile nilikuwa nimekunywa chai tu. Yalinipata mchana, jua likiwaka.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Katibu wa kijiji kimoja upande wa Kasense alitaka picha ya wanakijiji wote, ijaze ukuta wa ofisi. "Ndugu fundi, hatutaki saizi ya pasipoti!" Karatasi kubwa hivyo ingetoka wapi? Mwingine angekimbia. Mimi niliigawa picha vipande vinne, kila kimoja na karatasi yake, ukingo wa upana wa kidole ukijirudia kwa jirani ili nikibandika kiungo kisionekane. Mpaka Mbeya hakuna aliyeniweza.

Nikajifungia chumba cha giza, taa nyekundu. Kipande cha kwanza kikaibuka ndani ya beseni la dawa: katibu, wazee, na nyuma yao mtu wa koti refu jeusi. Watu wote niliwapanga mwenyewe, huyo sikumpanga. Nikaangalia negativu. Hayumo.

Cha pili: yuleyule, nyuma ya akina mama. Mtu mmoja atasimamaje mahali pawili? Cha tatu: yuko ukingo wa kulia kabisa, ameunyoosha mkono, vidole vimeishia mwisho wa karatasi.

Karatasi ya nne nikairudisha kwenye boksi. Kipande cha nne kilikuwa cha mtu mmoja tu, wa mwisho wa mstari: Deo, mdogo wangu, jembe begani.

Mlango ukagongwa.

"Ndugu fundi," sauti ya upole. "Bado kipande kimoja. Malizia, mkono umechoka."

"Picha imeharibika! Nenda!"

Akacheka kidogo. "Sina haraka."

Nilipofungua, nje alikuwepo fundi cherehani jirani yangu, peke yake. "Kaka, unamfokea nani? Hapa hajapita mtu."

Vile vitatu vilipokauka nikavikagua. Yule mtu hayumo hata katika kimoja. Unaelewa alikokwenda?

Picha ilitundikwa bila upande wa kulia. Katibu alinisuta mbele za watu, mimi nisiyeshindwa na kazi. Deo ana wajukuu sasa, na bado ananitania: "Kaka, wote uliwatoa, mimi ulinionea wivu?"

Negativu iko kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda. Kuichoma siwezi, Deo yumo ndani. Basi utakayelifungua kopo hilo nikishakufa, nakusihi: usisafishe picha ya kipande cha nne. Hata akigonga kwa adabu.