Nyayo za Papa Miguu

Uvumilivu wangu uliisha mbele ya choo ya jirani. Binti yangu mukubwa alikuwa amerudi kutoka chemchemi ya Karuba na bidon ya maji ikiwa tupu, shavu limevimba kwa kofi ya jirani. Jirani ameizungushia chemchemi uzio. Maji njo ya ng'ombe wake sasa. Nikaenda kumuuliza. Pale mulangoni mwa choo yake, limewekwa kama ngazi ya kukanyagia, nikaona jiwe jeupe lenye nyayo mbili za muntu.

Wewe mwenzangu uliyekulia huku unalikumbuka. Tulipokuwa wadogo, Muhindi aliyekuja kununua maharagwe alitujengea ile chemchemi, akaweka jiwe pembeni. Nyayo zile, alisema, ni za mwanzilishi wa dini yao, muntu wa zamani aliyetoka kwao angali kijana, akazunguka inchi yao peku, misitu na milima, kisha akakusanya watu akawafundisha: musiue watoto wa kike, muchimbe visima, musimunyime muntu maji.

Sisi watoto tulidhani jiwe limewekwa ili tunawie miguu. Tulisimama ndani ya nyayo zenyewe, tukisugua matope ya shamba la viazi. Siku nyanya yangu alipojua ni kitu wanachoheshimu, alikimbia kuomba musamaha. Muhindi akacheka tu.

"Waache, Mama. Yeye alitembea peku, matope anaijua."

Tangu hapo yule mwenye nyayo tukamuita Papa Miguu, yaani Baba Miguu. Kila asubuhi Muhindi alinunua maziwa kwa nyanya, akalimwagia jiwe kidogo, yaliyobaki akatuchemshia na sukari na iliki. Tulikunywa yangali moto, vikombe vikiunguza vidole, ukungu haujatoka kwenye malisho. Nyanya hakukosa misa hata moja. Lakini alikuwa amezaa mabinti tupu na kuchekwa na kijiji kizima, basi alisema Papa Miguu njo mwanaume wa kwanza yeye kumusikia akitetea mabinti.

Vita ilimuondoa Muhindi. Duka yake imebaki ukuta mmoja, nyanya tulimuzika, harufu ya iliki sijaisikia tena. Yalibaki maji na jiwe. Na sasa, pale mbele ya choo yake, jirani akanitazama usoni:

"Ile iko kitu ya shetani, tulishaiombea. Na wewe, mama ya mabinti tupu, nani atakutetea?"

Shule ya sekondari nilimaliza, kuandika najua. Nikapanda mpaka kwa bureau ya chef wa kijiji, sekretere akapiga muhuri juu ya maneno haya:

"Mimi, mama ya mabinti watatu, namushitaki jirani yangu kwa kufunga maji ya wote, kupiga mutoto wangu na kuiba jiwe la chemchemi. Naomba avunje uzio kwa mikono yake. Ang'oe jiwe, alibebe mugongoni, peku, siku ya soko, kutoka choo yake mpaka chemchemi. Alioshe na maziwa ya ng'ombe wake. Kisha amuchotee binti yangu bidon ijae, amufikishie nyumbani. Sitaki mbuzi, sitaki bia ya mapatano. Nataka watu wamuone."