Mgomba Chini ya Karo

Marcellin alikuwa fundi mwashi wa Uvira, na hakuwa mtu wa kutulia. Hata chakula alikula amesimama, akizungukazunguka kama kuku anayetaka kutaga. Mwaka wa hamsini na tisa ukielekea kuisha, Mathieu, Mbelgiji mnunuzi wa pamba, alimwita nyumbani kwake mtaa wa Kalundu, jirani na alikokaa Marcellin, amchimbie bwawa la kuogelea. Ziwa Tanganyika lote lilikuwa pale pale mbele ya baraza yake, bure, lakini bwana alitaka maji yake mwenyewe ndani ya ua.

Shimo likachimbwa, likafika kina cha kummeza mtu mrefu. Likabaki swali la kulivika nini. Mathieu alitaka turubai la plastiki la buluu: linatandazwa, linabanwa kingo, kazi imekwisha. Marcellin alichukia. Turubai hata mpishi angeweza kulitandaza. Fundi ni wa nini hapo? Akaapa kwamba panya watalitafuna. Rangi juu ya saruji nayo akasema itabambuka. Mwisho bwana akachoka kubishana, akakubali karo, vile vigae vya kupangwa kimoja kimoja, zikaletwa kwa lori kutoka Usumbura.

Lakini nyumbani hakukulalika. Mkewe, Félicité, alikuwa na mimba ya tatu, na watoto wawili wa kwanza walikuwa wamewazika. Kwao, shimo refu haliachwi wazi usiku, maana linaita mtu. Hata kaburi lililokosa maiti hulazwa mgomba, lishibe. Na hili la Mathieu lilikuwa wazi kwa majuma, ng'ambo ya uzio wao tu.

"Marcellin, weye unaona usingizi?" Félicité alimwuliza. "Ile shimo iko na njaa. Iko inatazama hii tumbo yangu."

"Ile ni piscine, mama. Haiko kaburi."

"Nani alikuambia iko inajua jina yake?"

Marcellin alicheka, kisha akaacha kucheka. Aliogopa, tena kuliko mkewe. Asubuhi moja, kabla vibarua hawajafika, alikata mgomba, akaufukia katikati ya sakafu ya shimo, akasimamia zege limwagwe juu yake. Akapanga karo kwa uzi, zikanyooka hata akajisifu mwenyewe. Mwezi wa tano Félicité alijifungua msichana, Libérate, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Bwawa likajazwa maji. Kulipokucha yalikuwa nusu. Mgomba ulikuwa umeoza na kuacha uwazi, sakafu ikabonyea, na ufa ukapita kati ya karo, urefu wa mtu aliyelala. Jambo la kuvunda halina ubani. Turubai lingejinyoosha tu juu ya pale, na Marcellin alilijua hilo, likamchoma.

"Vunja sakafu," Mathieu alimwambia. "Anza upya."

Kuvunja ni kuufukua mgomba. Kutovunja ni kuitwa fundi wa ufa mji mzima. Marcellin alilizunguka bwawa na nyundo mkononi: leo saruji haitoshi, kesho kichwa kinamwuma. Félicité alimtazama, mtoto yuko kifuani.

"Baba Libérate, ukitoa ile kitu, utaweka nani pale?"

Hakuvunja. Uhuru ukafika, askari wakaasi, Mathieu akakimbilia Usumbura, na bwawa likabaki na ufa wake. Mafundi wenzake walimcheka hadi mji wa mbali wa Kamanyola, na kazi za maana wakapewa wengine. Iliumiza. Kila mvua iliponyesha alikwenda kuchungulia kama safari hii maji yamekaa. Hayakukaa hata siku moja.

Mwaka wa sitini na nne waasi wakaingia Uvira. Risasi zilianza asubuhi, zikatoboa kuta za udongo za nyumba yao. Marcellin alimkumbatia Libérate, akawa anakimbia mlangoni, jikoni, mlangoni tena, asijue pa kumficha. Félicité, ambaye miaka yote hiyo hakuwahi kulisogelea lile bwawa, alimshika mkono, akawavusha uzio, akatangulia kushuka. Chini palikuwa pakavu. Akamchukua mtoto, akamlaza juu ya ufa wenyewe.

"Si hapo!" Marcellin alipiga kelele.

"Ni hapa tu," Félicité alisema. "Hii shimo ilishakula. Ikashiba, mume wangu."

Marcellin akakaa chini, mgongo kwenye karo zake. Risasi zilipita juu, na kwa mara ya kwanza tangu waoane, Félicité alimwona mume wake ametulia.