Kundi la Mtu Mmoja

Orodha ya makundi ilibandikwa kwenye mlango wa stoo ya vifaa, na kila kundi lilikuwa na watu wanne isipokuwa la kumi na tatu. Hilo lilikuwa na msichana mmoja tu. Makundi yalipangwa mwaka wa kwanza, naye alihamia mwaka wa tatu, wakati wenzake walishazoeana mpaka wanaazimana soksi. Walimwita Mhamiaji, wakacheka, wakaenda zao.

Hakuhama kwa kupenda. Chuo chake cha zamani kilikuwa mwendo wa siku nzima kutoka nyumbani, na huko alikuwa na marafiki wa kula nao na kugombana nao. Mama alishafariki zamani. Baba, aliyefanya kazi ya uashi kwa miaka thelathini, akapigwa na kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalala. Basi binti akauhamishia uhandisi wake kwenye chuo cha karibu. Wakayakubali masomo yake yote ila moja, upimaji wa ardhi. Hilo alirudie kwa vitendo, na akianguka, arudie mwaka mzima.

Kazi yenyewe ni hii: unaanza kwenye kigingi, unapima miinuko ya barabara kwa nusu kilomita, kisha unapima tena mpaka kwenye kigingi kilekile. Hesabu ikipishana zaidi ya milimita kumi, umeanguka. Mmoja anachungulia kwenye darubini, mwingine anasimamisha rula ndefu kule mbele.

"Sasa wewe utachungulia au utashika?" mtunza stoo alimuuliza akimkabidhi vifaa. "Kidole kimoja hakivunji chawa, binti."

"Nitajua mwenyewe," akajibu, na wala hakujua.

Aliwaomba kundi la tano wamwazime mtu. Wakasema watamwambia, mpaka leo hawajamwambia. Jumatano akachagua barabara ya mbele ya nyumba yao, akawa anaifunga rula kwa kamba kwenye nguzo za ua, anakimbilia darubini, anarudi kuifungua. Majirani walipita wakimtazama kama sinema ya bure. Hesabu ikapishana milimita arobaini na moja. Akakaa kwenye jiwe la pembeni akalia, na hapakuwa na hata mtu wa kumuuliza analia nini.

"Imelala," sauti ikasema kutoka dirishani.

Alikuwa baba. Tangu augue alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache yalikuwa kwamba amemharibia mwanawe masomo.

"Rula yako imelala kushoto. Nitafutie timazi yangu."

"Baba, wewe huwezi kusimama."

"Nani kasema nasimama? Lete na kiti."

Alhamisi walianza asubuhi. Binti aliufunga uzi wa timazi kwenye rula, kipande chake kizito cha chuma kikaning'inia kando. Baba akakaa kitini, rula katikati ya magoti, mkono wa kushoto ukiinyoosha kidogo kidogo mpaka ikaenda sambamba na uzi. Kisha anamwegemea binti, wanajikokota hadi kituo kinachofuata, binti anamwegemeza kwenye nguzo ya ua na kurudi kuchukua kiti. Kazi ya saa mbili iliwachukua siku nzima. Baba alifoka tu pale binti alipotaka kuharakisha.

"Ukuta haukimbizwi!"

Hesabu ikapishana milimita tatu.

Ijumaa asubuhi, akitoka na vifaa, alivikuta viatu vya kazi vya baba mlangoni. Vilikuwa chini ya kitanda kwa miezi saba. Baba alikuwa ameshavaa kimoja.

"Leo tunapima wapi?"

Kazi ilikuwa imekwisha. "Nikirudi nitakwambia, baba."

Chuoni mhadhiri alilipitia daftari mara mbili, akauliza nani alishika rula. Fundi mwashi, akaambiwa. Akatia saini: amepita. Pale nje kundi la tano walikuwa wakibishana kuhusu milimita zao kumi na sita, na hakuna aliyemuuliza Mhamiaji amepata ngapi.

Stoo, aliirudisha darubini, rula akabaki ameikumbatia.

"Lete na hiyo," mtunza stoo akasema. "Si umeshamaliza?"

"Nimemaliza. Naomba nikae nayo mpaka Jumatatu, na hiyo darubini pia."

"Ya nini tena, nawe uko peke yako?"

"Tuko wawili," akasema. "Mwenzangu ameshavaa viatu."