Suruali ya Mwalimu

Walimwita Bubu tangu utotoni, ingawa kusema alijua. Ulimi wake ulikuwa mzito mbele za watu, basi. Mteja akimuuliza bei pale kwa dobi, aliitazama pasi kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. Shangazi yake, aliyemlea na kumwombea kazi hapo alipofua yeye, ndiye aliyemjibia siku zote.

Kwenye simu alikuwa mtu mwingine. Alikuwa na ukurasa usio na jina wala sura yake, na humo aliwasema wateja kwa nguo zao: shati lenye rangi ya mdomo usio wa mke, kola nyeusi kwa jasho la shingo. Huko hakumwogopa mtu. Maneno yalimtoka kama maji ya bomba, watu wakavunjika mbavu. Asubuhi, hata uso hajanawa, alishaangalia wangapi wamempenda. Wakipungua, chai haikupita kooni.

Wakaanza kupungua kweli.

Kulikuwa na mwalimu mstaafu ambaye alileta suruali zake zimefungwa ndani ya mifuko miwili na kumkabidhi shangazi peke yake, kwa sauti ya chini. Uzee ulikuwa umekishinda kibofu chake. Shangazi alizifua kwa mkono, mbali na nguo nyingine, na jambo hilo hakuligusia hata nyumbani. Bubu alijua kwa sababu alikuwa na pua.

Alipiga picha shangazi akiwa ameinamia karai: suruali ya kahawia, kiraka cha kijani mfukoni, doa waziwazi. Akaandika chini yake: "Huyu ndiye aliyetufundisha kuomba ruhusa ya kwenda msalani."

Watu walicheka mpaka jioni. Na kile kiraka mtaa mzima ulikijua.

Binti wa mwalimu alipokuja hakufoka. Aliweka simu mezani kwa tajiri mwenye duka la dobi, akaeleza kwamba baba yake amejifungia ndani, hata dirishani hasogei, maana watoto wanapita nje wakimwomba ruhusa. Tajiri akaikuza picha. Pembeni ulionekana mkono mmoja wenye kovu la pasi.

"Huu mkono wa nani?"

"Wangu," shangazi akasema.

Tajiri akaona yamekwisha: mkono mmoja kwenye karai, wa pili kwenye simu. Shangazi hakubisha. Aligeuka tu akamtazama Bubu, akangoja. Bubu masikio yalimwaka moto. Neno lilimfika kwenye meno, likarudi. Shangazi akavua aproni, akaikunja vizuri kama nguo ya mteja, akatoka.

Jioni Bubu alimkuta nyumbani anaosha vyombo. Shangazi hakugeuka.

"Nimekusemea maisha yako yote, mwanangu. Leo nilitaka neno moja tu."

Bubu alilia kwa kwikwi, machozi ya kweli. Alitaka kupiga magoti palepale. Badala yake aliingia chumbani, na machozi hayajakauka akaandika habari za mama mmoja mnyonge, mikono imechakaa kwa sabuni, aliyefukuzwa kazi kwa kosa la mwingine. Aliandika vizuri kuliko siku zote. Watu walilia naye, wakamwombea dua yule mama, wakamsifu aliyeandika kwa utu wake. Wengi kiasi hicho hakuwahi kuwapata.

Shangazi alimwita akale. Bubu, macho kwenye simu, akamwambia amngojee kidogo.