Breki za Lori Zatengenezwa Uani, Ramadhani

Saa moja asubuhi, mwezi wa Juni, ukungu bado umelala juu ya mji wa Njombe na majani ya uani yameganda kwa baridi. Miguu miwili imetokeza chini ya lori la kijani, visigino vimejaa udongo mwekundu. Ni miguu ya Kefa Nyagawa, dereva wa mtaa wa Ramadhani. Juu, kwenye kiti cha dereva, ameketi mkewe Zipora, kajifunika blanketi, mguu wake wa kulia uko kwenye pedali ya breki.

"Kanyaga!" anaagiza Kefa.

Zipora anakanyaga mpaka mwisho. Kefa analegeza nati ndogo iliyo nyuma ya gurudumu, na mafuta ya breki yanachuruzika ndani ya kopo pamoja na mapovu.

"Tayari!" anasema.

Zipora anainua mguu.

Mafundi huiita kazi hii kutoa upepo. Upepo ukibaki ndani ya mabomba, dereva anakanyaga hewa tupu, na lori linaendelea na safari zake kama vile halijaambiwa kitu. Kefa anautoa tangu jana, gurudumu baada ya gurudumu, na mapovu hayaishi.

"Sijui unatoka wapi," analalamika akijifuta mafuta usoni. "Nadhani upepo wa Njombe nzima umehamia humu."

Hana nafasi ya kubahatisha. Kesho lori linakaguliwa na polisi Makambako, na likishindwa atanyang'anywa leseni ya kuchukua abiria. Kefa hana kazi nyingine anayoijua. Alisoma kidogo kwa wamisionari wa Kilutheri, kisha vita vikamchukua. Akawa Keya, yaani askari wa Kiafrika katika jeshi la Waingereza, akaendesha malori ya jeshi huko Burma kwenye matope ambayo, kwa maneno yake, "yalimeza nyumbu na mzigo wake." Aliporudi aliuza ng'ombe wa baba yake, akanunua lori kuukuu lililokuwa la jeshi, na tangu hapo amekuwa akipeleka watu na viazi Makambako.

Mpaka masika yaliyopita. Kwenye mteremko ulio karibu na kijiji cha Mtwango, pedali ilizama na haikurudi. Kefa aliligeuza lori likajikita kwenye ukingo wa udongo. Viazi vilitapakaa barabarani, na Letisia, mama muuza viazi wa hapo Mtwango, alirushwa chini akavunjika mkono.

"Tulikuwa tunamsikia anakanyaga mara mbili mbili kabla lori halijasimama," Letisia alimwambia mwandishi wa habari hizi. "Tukadhani ndio mtindo wa Makeya."

Kefa anainamisha kichwa akiambiwa maneno hayo. Hayakanushi.

Jamaa zake walimshauri alipeleke lori gereji Iringa. Alikataa katakata. "Aliyevunjika mkono ni abiria wangu," anasema. "Akiniuliza ndani ya gurudumu mna nini, nimwambie nini? Kwamba fundi kasema ni zima?" Basi akainua lori kwa jeki na magogo, akafungua ngoma za magurudumu yote, akapigilia bitana mpya kwenye viatu vya breki kwa misumari ya shaba, na mipira iliyochakaa ya silinda akaibadilisha yote. Majirani walipita wakitikisa vichwa. Mmoja alimuuliza kama anafungua duka la vyuma chakavu.

Sasa kila kitu kimerudi mahali pake, na pedali ingali laini kama ugali usioiva.

"Kanyaga!"

Zipora anakanyaga. Nati inalegezwa.

"Tayari!"

Safari hii Zipora hainui mguu. Anachungulia dirishani. "Baba Danieli, hebu nikuulize. Ukisema tayari, umefungua au umefunga?"

"Nimefungua! Maana yake nati iko wazi, wewe endelea kukandamiza."

"Mimi nilijua umemaliza."

Mwandishi, aliyekuwa amesimama karibu, kikombe cha chai mkononi, hakujua aangalie wapi. Kumbe tangu jana mama huyu alikuwa akiachia pedali wakati nati iko wazi, na breki zikivuta ndani upepo ule ule zilioutema! Tayari ya mume ilikuwa ya kuanza, tayari ya mke ilikuwa ya kumaliza, na wote wawili walikuwa sahihi. Kiswahili wamejifunzia shuleni na sokoni, nyumbani husema Kibena, lakini amri za lori Kefa alizileta kutoka jeshini.

"Si ungeuliza jana, Mama Danieli?"

"Si ungesema jana? Ulikuwa unapiga kelele kama sajini."

Kefa alitoka chini ya lori, akakaa juu ya gogo, akacheka mpaka akashika mbavu. Zipora hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye baridi siku nzima bure, naye alilisema hilo waziwazi. Kisha akatoa sharti: neno tayari lisitamkwe tena uani hapo. Kefa aseme "kanyaga", yeye ajibu "niko chini", na asiinue mguu mpaka asikie "nimefunga, inua".

Wakaanza upya na gurudumu la nyuma. Kabla jua halijakausha majani, mafuta yalikuwa yakitoka safi, bila povu hata moja. Kefa alipanda, akakanyaga mwenyewe. Pedali ilikuwa ngumu.

Kesho yake Kefa na Zipora waliondoka kwa ruhusa ya polisi, lori likiwa tupu. Mwandishi alichagua kukaa nyuma kabisa, apate pa kurukia. Makambako, inspekta aliagiza lori lijazwe mawe, akakaa kando ya Kefa, wakateremka mlima. Lilisimama pale pale lilipoambiwa lisimame. Inspekta alirudia tena kwa mwendo mkubwa zaidi, akatoka na kutia sahihi. Kefa alishukuru kwa heshima, lakini furaha kubwa haikuonekana usoni mwake. Bado alikuwa na mtu mmoja wa kumwona.

Wakirudi, walimkuta Letisia kando ya barabara Mtwango, amekaa juu ya magunia yake akisubiri lori la mtu mwingine. Mkono umeunga, lakini haunyooki sawasawa.

"Kamwene, dada Letisia."

"Kamwene," alijibu, macho yake yakiwa barabarani.

Kefa hakumbembeleza. "Nakwenda kuteremka mlima ule ule," alisema. "Mama Danieli atakaa mbele. Wewe tazama tu."

Alipanda mpaka juu, akageuza, akashuka kwa kasi iliyowafanya watu wasogee kando. Kwenye ukingo uliovunjwa na lori lake alikanyaga breki. Lori lilisimama, vumbi likalipita. Zipora aliteremka, akajipangusa gauni lake, akasema anasikia njaa.

Letisia alilizunguka lori polepole. Kefa alimweleza mipango yake: kila Jumatatu hatasafiri, atafungua magurudumu na kuyakagua, na abiria yeyote anayetaka kutazama aje uani. Anataka hatimaye awe na lori la pili, lakini kwanza anataka hili lijae watu wasio na hofu.

"Maneno mengi," alisema Letisia. Alimwita kijana mmoja wa pale amsaidie, wakapakia gunia moja, kisha la pili. "Geuza, wapelekee wateja wangu Makambako."

"Na wewe? Nafasi ya mbele ipo."

Letisia aliushika mkono wake uliopinda. "Leo viazi. Vikifika salama, mimi Jumamosi."

"Jumamosi nitakuwa hapa mapema," alisema Kefa, akapanda kufunga magunia kwa kamba.